Pacha wa Dada Kwenye Mizani ya Magome

Jumanne, tarehe 12 Juni 1956. Tangu alfajiri ukungu umelala juu ya Makambako, manyunyu hayakomi, na baridi inapenya hata kwa aliyejifunga blanketi mbili.

Hivyo ndivyo nilivyoandika asubuhi ile kabla sijatoka nyumbani, wala sikuongeza neno. Yaliyobaki nayaandika sasa kwa kadiri ninavyokumbuka. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, maana habari yenyewe ni ya vipimo, na mtu anayesimulia vipimo kwa kukisia ni afadhali anyamaze.

Dada yangu alikuwa amejifungua pacha, mvulana na msichana, wakati mahindi yanachanua. Mvulana alitoka mnene. Msichana alitoka kama kifaranga kilicholowa, na ingawa alinyonya kama mwenzake, miguu yake ilibaki myembamba. Dresa, yaani tabibu msaidizi wa misheni, ambaye alikuwa akija kwa lori kutoka Njombe kuwaangalia akina mama na watoto, alimwinua mara ya mwisho alipofika kwetu akatikisa kichwa. Mizani yake, ile ya kumning'iniza mtoto kwenye ndoano, ilikuwa imekatika springi, kwa hiyo alimpima kwa mkono tu.

"Huyu bado yuko chini," alisema. "Nitakaporudi, awe amefika ratili tisa. Akiwa hajafika, nampeleka hospitali."

"Tutakwenda wote," dada alisema.

"Hapana, mama. Wodini kuna kifaduro. Siwezi kumwingiza mtoto mzima mle ndani. Utakwenda na mdogo. Mkubwa atabaki na bibi yake, anywe maziwa ya ng'ombe."

Dada alimtazama kama mtu aliyeambiwa akate mkono mmoja achague upi. "Kwa hiyo ziwa moja liende, moja libaki?"

Dresa hakuwa mtu mbaya, na naomba msomaji asimwone hivyo. Alikuwa amezika watoto wengi walioachwa nyumbani kwa huruma. Akanigeukia mimi: "Wewe si uko kwenye mizani kila siku? Mpime. Nitakaporudi uniambie. Lakini uniambie kweli, mwenzangu. Usiniambie unachotaka."

Maneno hayo ya mwisho yalinikaa kifuani kuliko yote.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kusoma mizani katika banda la kununulia magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, kando ya barabara iendayo Njombe. Mizani yenyewe ilikuwa ya jukwaa, ya kupimia mafurushi. Haikujali chochote chini ya ratili moja, yaani karibu nusu kilo. Msimu wa baridi magome huwa machache kwa kuwa hayabanduki vizuri, kwa hiyo siku ile banda lilikuwa tupu, na msimamizi aliniruhusu kuwaleta watu wangu. Dresa alitarajiwa kufika jioni.

Walikuja wanne, bila kuhesabu pacha: dada, mume wake, mama yetu mzazi, na baridi. Shemeji ndiye aliyesema hivyo, kwamba baridi nayo ni mgeni, ipewe kiti. Alikuwa mtu wa mizaha hata siku mbaya, na nafikiri siku mbaya ndiyo aliyofanya mizaha zaidi.

Nilidhani kazi ni rahisi. Dada asimame kwenye jukwaa peke yake, kisha asimame na mdogo, halafu nitoe. Nikamwambia mama amshike mkubwa kidogo tu.

"Kidogo tu ndiyo nini?" mama akauliza.

"Mpaka nisome mizani."

"Hapandi mmoja mwenzake akabaki chini anatazama. Wakipanda, wanapanda wote."

Hapa lazima nieleze. Mama alikuwa na sheria moja juu ya pacha, na hakuivunja kwa mtu yeyote: atendewacho mmoja, na mwenzake atendewe saa ile ile. Wakiogeshwa, beseni ni moja. Akipakwa mafuta huyu, na yule anapakwa. Alisema wakitenganishwa kwa jambo hata dogo, mnyonge hujiona ameachwa akakata tamaa. Sijui kama hiyo ilikuwa mila ya watu wote wa kwetu au ya mama peke yake. Sikuwauliza majirani, kwa hiyo siwezi kusema.

"Mama, ni mizani tu," nikasema.

"Tangu tumboni walibebwa pamoja. Mizani yako ni nani hata iwatenge?"

Nikamtazama shemeji anisaidie. Akatazama miguu yake. Dada akasogea karibu na mama, nikaelewa yuko upande gani. Jambo lenyewe alilokuwa akiliogopa lilikuwa hilo hilo la kuwatenganisha. Ningewezaje kuanza nalo?

Basi tukafanya ilivyowezekana. Mama akawachukua wote wawili. Dada akapanda jukwaani akiwa na blanketi lao tupu mikononi, ili blanketi lisije likajifanya mtoto. Nikasoma ratili mia moja na nane. Kisha akawapokea wote wawili katika blanketi lile lile. Mia moja ishirini na tisa. Nikasoma mara ya pili, nikamwita shemeji naye asome.

"Ishirini na moja," akasema. "Ndio hao wawili. Sasa niambie, katika hiyo ishirini na moja binti yangu ana ngapi?"

Walikuwa ishirini na moja pamoja, na jumla yao haikuonyesha ni ngapi za nani.

Wazo la mwanzi sikumbuki lilitoka kwa nani. Kwa miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba lilikuwa langu, lakini dada husema ni yeye aliyenionyesha vikapu, na huenda ni kweli. Tulichukua mwanzi mkavu, tukaufunga kamba katikati, tukauning'iniza kwenye boriti ya banda. Kila ncha tukaning'iniza kikapu. Vikapu vilikuwa sawa kwa macho, lakini kimoja kilizidi, kwa hiyo niliongeza vipande vya gome kwenye kile chepesi mpaka mwanzi ukalala sawasawa bila mtoto. Kisha nikamwambia mama: "Sasa wote wanapanda. Saa ile ile. Huyu huku, na huyu huku."

Mama akauzunguka mwanzi, akavuta kamba, akapiga boriti kofi. "Hii sawa," akasema. "Hii ina adabu."

Tukawalaza ndani ya vikapu kwa mara moja, dada upande mmoja na mama upande wa pili, mikono yao chini ya vikapu tayari kudaka. Mvulana akashuka, msichana akapanda juu, na huko juu akafungua macho akatutazama wote kama mkaguzi wa shule. Shemeji alicheka mpaka akakohoa.

Nilichotaka ni kujua mkubwa amemzidi mdogo kwa kiasi gani. Dada alikuwa amekuja na viazi vya kupika jioni. Nikaanza kuvitia kimoja kimoja kwenye kikapu cha msichana ili kishuke. Nilitia viwili, vitatu, vinne. Mwanzi haukusogea. Nikatia vingine viwili. Haukusogea.

"Mbona huyu hashuki?" nikasema.

Shemeji akanyoosha kidole, hawezi kusema kwa kicheko. Nikageuka. Mama, kila nilipotia kiazi kwa msichana, alikuwa akitia kiazi kwa mvulana.

"Mama!"

"Nini? Wewe umempa huyu. Na huyu hana mdomo?"

"Hawajaota meno hata mmoja!"

"Hilo wanajua wao. Umetoa chakula, umegawa kwa mmoja. Mimi nafanyaje?"

Nikaona aibu, kisha nikaona kwamba kwa njia yake alikuwa sahihi kabisa. Ukiongeza sawa kila upande, tofauti inabaki ile ile. Ingekuwa hivyo hata tungetia viazi vya shamba zima. Tulichohitaji ni kitu kisicho zawadi. Nikatoka nje kwenye manyunyu nikaokota mawe, nikayafuta na kuja nayo.

"Na mawe je?" nikamwuliza. "Nikimpa huyu mawe, na yule atadai?"

Mama akafikiri sana. Akachukua jiwe moja akalipima kwa kiganja chake. "Jiwe haliliwi," akasema mwishowe. "Jiwe si kitu cha kumpa mtoto. Weka."

Tukatoa viazi vyote, vya pande zote mbili, tukafunga mawe katika kitambaa chini ya kikapu cha msichana. Nikaongeza kokoto mpaka mwanzi ukalala sawasawa. Pacha wote walikuwa wamesinzia kwa kubembezwa.

Mawe yale niliyapeleka dukani njia panda, kwa Mhindi mwenye mizani ndogo ya shaba ya kupimia sukari. Visahani vyake visingetosha hata kichwa cha mtoto, lakini mawe yaliingia.

"Karani, magome yamekwisha?" akaniuliza. "Sasa mnanunua mawe?"

"Mwaka huu mawe yana bei," nikasema.

Akaweka chuma cha ratili mbili na cha ratili moja. Upande wa mawe ukazidi kidogo, unene wa ukucha tu. Unene huo wa ukucha ulikuwa upande mbaya, maana kadiri mawe yanavyozidi ndivyo mdogo anavyopungua. Nikaomba niyakaushe kwa kuwa yalilowa njiani. Mwenye duka akanirushia gunia. Nilipoyarudisha, visahani vikalala sawa, ratili tatu. Nilimwuliza mara mbili kama naye anaona hivyo, akasema anaona, na kwamba kama nataka kununua chumvi ninunue, kama sitaki niwapishe wengine.

Niliporudi bandani nikasema, "Mkubwa amemzidi mdogo kwa ratili tatu."

Shemeji alikuwa amengoja hilo tu. Alikuwa mwepesi wa hesabu za kichwani, sokoni walimwogopa. "Ishirini na moja, nusu yake kumi na nusu," akasema. "Mdogo amepungua tatu. Toa tatu. Saba na nusu."

Saba na nusu haikuwa tisa, wala haikukaribia.

Dada hakulia. Aliinama akaanza kukunja blanketi, akilinyoosha kila pindo, kama mtu anayejiandaa kwa safari. "Basi," akasema. "Mama, maziwa ya ng'ombe uyachemshe mara mbili."

"Ngoja," nikasema.

"Tungoje nini, shemeji?" Mume wa dada ndiye aliyeniuliza, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Dresa alikuambia useme kweli. Hii ndiyo kweli. Au wewe una nyingine?"

Sikuwa na nyingine. Nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi wangu haukuwa na heshima, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi juu ya kila kitu. Lakini nilikumbuka darasa la saba. Nilikaa muhula mmoja tu katika darasa hilo, shule ya misheni upande wa Njombe, kabla baba hajafariki nikarudi nyumbani. Katika wiki za mwisho mwalimu alitufundisha hesabu za herufi, vitu viwili usivyovijua kwa mara moja. Alisema vitu hivyo ni kama watu wawili wanaoongea kwa pamoja, huwezi kumsikia hata mmoja. Mnyamazishe mmoja, halafu mwenzake amsemee. Nilifanya zoezi, nikakusanya daftari, nikaondoka. Daftari lile sikurudishiwa. Mpaka siku ile bandani sikujua kama nilikuwa nimepata au nimekosa.

Nikachukua gome kavu, upande wa ndani ulio laini, na kipande cha mkaa. Nikaandika K kwa mkubwa na D kwa mdogo.

K + D = 21

Hilo lilikuwa neno la jukwaa. Chini yake nikaandika neno la mwanzi.

K = D + 3

"K ni nani?" mama akauliza.

"Ni mkubwa."

"Na huyu?"

"Mdogo, na mawe yake."

"Kwa hiyo mkubwa ni mdogo na mawe yake." Akalitazama gome. "Hilo nimeliona kwa macho yangu. Endelea."

Pale juu, penye K, nikaifuta kwa kidole gumba, nikaandika mahali pake kile kilichokuwa sawa nayo. Sasa mkubwa alikuwa amenyamaza, na mdogo anasema kwa niaba ya wote wawili.

D + 3 + D = 21

"Mara mbili mdogo na mawe ni ishirini na moja," nikasema, nikizungumza na nafsi yangu zaidi kuliko na wao. "Toa mawe. Mara mbili mdogo ni kumi na nane." Nikaogopa kuandika mstari wa mwisho, lakini nikauandika. Tisa.

Dada aliacha kukunja blanketi.

"Hapana, hapana," shemeji akasema. "Mimi nimegawa kwa mbili, na wewe umegawa kwa mbili. Mimi nimetoa tatu, na wewe umetoa tatu. Kwa nini yako iwe kweli, yangu iwe uongo? Kwa sababu unaipenda?"

Aliniuliza swali nililokuwa nikijiuliza mwenyewe. Ni kweli niliipenda tisa. Niliitaka tangu asubuhi, na mtu anayetaka namba fulani asiaminiwe upesi. Kwa hiyo nikasema tuzijaribu zote mbili, kwa haki, na tuanze na yake.

"Mdogo saba na nusu," nikasema. "Ili wafike ishirini na moja, mkubwa awe ngapi?"

Akahesabu. "Kumi na tatu na nusu."

"Amemzidi kwa ngapi?"

Akahesabu tena. "Sita."

"Mwanzi ulitaka mawe ya ratili ngapi?"

"Tatu." Akauendea mwanzi akaushika, kama vile labda ungebadili maneno yake.

"Na mdogo akiwa tisa?"

"Kumi na mbili," akasema polepole. "Pamoja ishirini na moja. Tofauti tatu." Akajipiga paji la uso. "Kumbe! Zile tatu nimemnyang'anya binti yangu zote, halafu nikampa kaka yake zote. Nimepita mahali pale mara mbili!"

"Ndio nyie mnaotenganisha pacha," mama akamwambia.

Kwa kusema haki, shemeji alicheka kuliko sisi sote, na kosa lile nimeliona tangu wakati huo kwa watu waliosoma sana. Ukigawa sawa kwanza ndipo ukumbuke kwamba hawako sawa, unachelewa. Ile tofauti inataka kutolewa mwanzoni, kabla ya kugawa. Mimi mwenyewe nisingeweza kulieleza hivyo siku ile. Niliona tu kwamba jibu moja lilikubaliwa na jukwaa na mwanzi, na jibu la pili lilikubaliwa na jukwaa peke yake.

Dresa alifika kabla ya jua kuzama, ingawa jua lenyewe hatukuliona, akiwa amelowa matope mpaka magotini. Nilimweleza kila kitu: jukwaa lisilojali chini ya ratili moja, kikapu kilichozidi, mawe yaliyolowa na unene wa ukucha. Nilimweleza na hesabu ya shemeji pia. Dada alisimama nyuma yangu na pacha wote wawili, mmoja kila mkono, na nilisikia pumzi yake.

Dresa alishika gome akalisogeza penye mwanga wa mlango. Alisoma mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Kisha akamchukua msichana, pamoja na mvulana kwa kuwa mama alikohoa kumwonya, akawapima mikononi huku amefumba macho.

"Umepata," akasema.

Ni neno la walimu tu, la kila siku. Nilitoka nje nikasimama kwenye manyunyu kidogo.

Niliporudi alikuwa akimwambia dada: "Ni tisa ya mlangoni, haijaingia ndani, mama, usijisifu nayo. Lakini nilisema tisa. Abaki. Nitakuja tena, na huyu karani apime tena. Kuanzia leo mdogo anyonye kwanza, mkubwa angoje."

"Wananyonya pamoja," mama akasema.

Dresa akamtazama, akatazama vikapu, nadhani akapima na hilo. "Basi pamoja. Lakini mdogo achague upande kwanza, ule wenye maziwa mengi."

Mama akaona hakuna sheria yake iliyovunjwa, akakubali.

Jioni ile tulipika vile viazi vilivyokuwa vikapuni, na maganda yake, kwa maharage na majani ya maboga. Kabla hatujaanza, mama alitenga sahani mbili, viazi sita katika kila moja, vile walivyowekewa pacha asubuhi, sawasawa. Akaziweka zote mbili mbele ya dada, akamwambia ale, ni vya watoto. Dada akavimaliza vyote, na shemeji akamwongezea vingine kutoka sahani yake.